Chumba cha Kukatia

Kwa miaka ishirini na sita mama yangu amekata nguo za watu akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya sebule yetu. Kitambaa hutandazwa kuanzia mlangoni hadi kwenye kabati la vyombo, meza ndogo husukumwa ukutani, na sisi wengine hupita pembenipembeni kama watu wanaokwepa dimbwi. Hakuna mgeni wetu ambaye hajawahi kukalia pini. Baba husema ukitaka kujua kama mtu ni mvumilivu, mkaribishe kwenye kochi letu.

Mwanzoni mwa mwaka huu magoti ya Mama yaligoma. Akishuka chini kukata, kuinuka kunakuwa kazi ya watu watatu: yeye mwenyewe, mimi mkono wa kulia, na mama mdogo mkono wa kushoto. Daktari hakumzungusha. Kushona aendelee, cherehani haina ubaya, lakini magoti yasiguse sakafu tena. Maana yake ni kwamba lazima akate akiwa amesimama, na kukata umesimama kunataka meza. Meza ya kukatia mashela na makoti ina upana wa sentimita mia moja na ishirini, na pande zote mbili mtu lazima apite bila kujibana, kwa sababu mkata nguo huizunguka meza yake kutwa nzima. Ndani ya nyumba yetu hapakuwa na mahali pa meza ya namna hiyo, isipokuwa tuamue wote kulala juu yake.

Ndipo lilipofufuka lile jambo la nyumba. Tulikuwa tukilizungumza tangu nikiwa shule ya msingi, na kila mwaka lilisukumwa mbele. Nyumba yetu ilijengwa vipande vipande: vyumba viwili kwanza, kisha sebule, kisha jiko ambalo mlango wake ukifunguliwa hugonga friji. Bafu liko nje. Bati la ukumbini linavuja mahali pamoja tu, na kila mtu anapajua, kwa hiyo siku za mvua tunaruka mahali hapo bila hata kuangalia. Chumba changu kilikuwa stoo. Ni chembamba kiasi kwamba fundi seremala alikiunda kitanda changu humo humo ndani, kikaenea kutoka ukuta hadi ukuta kama kizibo kwenye chupa. Mwaka huu Mama alisema basi, yatengenezwe yote kwa mpigo, na uongezwe ubavuni mwa nyumba chumba kimoja cha kukatia.

Baba ndiye aliyeleta habari za kampuni inayochora na kujenga yenyewe. Alikuwa tarishi maisha yake yote ya kazi, anajua kila mlango wa mji huu, na ameona nyumba nyingi zilizoishia njiani. Alitueleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida: unamlipa mtu akuchoree ramani, unaipeleka kwa fundi, fundi anasema ramani haijengeki, mchoraji anasema fundi hajui kusoma, na wewe unabaki katikati na matofali yako. Hawa walikuwa kitu kimoja. Anayechora ndiye anayejenga.

“Shingo yao ni moja,” alisema Baba. “Mambo yakiharibika, najua pa kukaba.”

Kabla mkandarasi hajaja, Mama aliamuru kila mtu aandike anachotaka kwenye karatasi yake. Tulikaa mezani baada ya chakula kama watu wanaofanya mtihani. Mama mdogo, ambaye ni msusi na amekaa nasi tangu nilipokuwa mdogo, aliandika kwa kufunika karatasi kwa mkono ili tusimwibie majibu. Baba alitaka bafu la ndani, lenye mlango wa kutokea chumbani kwake, na alilichora kabisa, pamoja na kitu ambacho sote tulidhani ni beseni la kuogea mpaka alipoeleza kwamba ni yeye. Mama mdogo alitaka kidirisha kidogo karibu na mlango wa mbele, amwone anayebisha hodi kabla ya kuamua kama yuko nyumbani. Mimi niliandika rafu ya vitabu kutoka sakafuni hadi darini, nikaikunja karatasi mara nne nikaisukuma kwa Mama.

Karatasi ya Mama ilikuwa na neno moja tu: meza.

Mkandarasi alikuja siku ya Jumatatu. Alikuwa mtu mnene, mpole, na penseli nyuma ya kila sikio, kwa hiyo hata kabla hajamaliza chai yake mama mdogo alikuwa ameshampa jina la Bwana Penseli, na hilo ndilo tulilolitumia tangu siku ile, yeye akiwa hayupo. Alizunguka nyumba nzima akipigapiga kuta kwa kiganja na kusikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua. Alituambia paa lote litashuka, mlango wa jiko utahamishwa, na ukumbi utapata mwanga. Kila aliposema jambo, Baba aliniitikia kwa kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyelisema.

Ubavuni, kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani, ambapo chumba cha Mama kilitakiwa kusimama, Bwana Penseli hakuweza kupita. Pale ndipo tunapoweka kila kitu ambacho hakuna mtu aliye tayari kukitupa: mabati ya zamani, pipa lililotoboka, mlango usio na fremu, na mbele ya vyote, kama mlinzi, pikipiki ya Baba ya enzi za utarishi, iliyokufa miaka minane iliyopita na ambayo yeye husema inapumzika. Bwana Penseli alichungulia tu, akasema si neno. Upana wa kiwanja umo kwenye hati. Akishajua upana wa nyumba, atatoa, na atakachobakiwa nacho ndiyo nafasi ya chumba.

Kisha akatupa fomu. Utaratibu wao ni kwamba mwenye nyumba anapima vyumba vyake mwenyewe kwa ajili ya mchoro wa kwanza, na wao hupima upya siku ya kuchimba msingi. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani anayejua kushika tepu. Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Mama alipima nyumba kwa siku mbili. Ile tepu yake ya njano, ambayo hukaa shingoni mwake hata akiwa anapika, aliishusha akaanza na ukuta wa sebule, na mimi nilimfuata na daftari. Kazi hii naijua. Tangu nikiwa na miaka tisa ndimi ninayemwandikia vipimo vya wateja: kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono. Anavuta tepu, anaangalia namba, anatulia kidogo huku midomo imebana kana kwamba ina pini, halafu anataja, nami naandika. Tulipima hivyo hivyo vyumba, ukumbi, na hata unene wa kuta pale milangoni. Nilinakili kila kitu kwenye fomu kwa mwandiko wangu mzuri, kwa wino mweusi. Nilijisikia kama mtu anayeandika ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Siku kumi na nne zilizofuata nyumba yetu haikukalika kwa furaha. Baba alianza kuoga kwa muda mrefu, akisema anafanya mazoezi. Mama mdogo alikuwa akisimama mlangoni na kuchungulia kidirisha ambacho hakikuwepo. Mimi nilivitoa vitabu vyangu chini ya kitanda nikavipanga kwa urefu, nikavipanga tena kwa rangi, nikaona aibu, nikavirudisha. Na Mama alikuwa amepokea kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupokea: shela la bibi harusi na nguo za wasimamizi wake wanane, za miezi mitano ijayo. Alimwambia bibi harusi kwamba atazikata kwenye chumba kipya. Alilisema neno hilo, chumba, taratibu, kama anavyosema jina la kitambaa cha bei.

Tulikwenda ofisini kwa Bwana Penseli wote wanne, tumevaa vizuri. Alikunjua karatasi juu ya meza, akaweka kikombe kila pembe isijikunje. Ilikuwa nyumba yetu. Kuta zile zile, lakini zimeamka. Jiko lilikuwa na madirisha mawili, mlango haugongi friji, bafu liko ndani, na kwenye chumba changu palikuwa na mistari myembamba kutoka pembe hadi pembe, na juu yake ameandika rafu. Baba alitafuta miwani yake ambayo tayari alikuwa ameivaa. Bwana Penseli aliisifu fomu yetu mbele ya msaidizi wake. Alisema hata mafundi wake wenyewe hawajawahi kumletea vipimo vilivyoandikwa vizuri namna ile.

Kisha akaweka kidole ubavuni mwa nyumba, na sauti yake ikashuka.

Ametoa upana wa nyumba kwenye upana wa kiwanja. Ametoa na ile mita moja na nusu ambayo halmashauri inataka iachwe wazi kabla ya ukuta wa jirani, na unene wa ukuta mpya. Kilichobaki ni mita moja na sentimita themanini. Ukiingiza meza ya Mama, kila upande unabakiwa na sentimita thelathini. Alisimama, akajipima kwa mikono ili tuone thelathini ni kiasi gani. Hata yeye alijua haikuwa lazima.

Baba aliuliza kuhusu mbele ya nyumba. Mbele ni eneo la barabara. Nyuma kuna shimo la maji taka. Juu je? Msingi wa nyumba hauwezi kubeba ghorofa. Bwana Penseli alikuwa ameyafikiria yote, na alionekana mwenye huzuni kuliko sisi. Alisema nafasi ile inafaa kuwa stoo nzuri sana. Akasema pia, kwa upole, kwamba mafundi wake wana nafasi sasa, na mkataba ukisainiwa Jumamosi wataanza mara moja. Ukipita hapo wanakwenda kwenye kazi nyingine mpaka mvua ziishe.

Mama alikuwa bado anaangalia ramani. Alilisifu jiko. Alisifu yale madirisha mawili, akauliza kama yatafunguka kwa nje, akaambiwa ndiyo.

“Basi iwe stoo,” alisema. “Nyumba imekuwa nzuri. Tusiwe walafi.”

Njiani kurudi alizungumza zaidi ya kawaida yake. Alisema nguo za watoto zinakatika hata kwenye meza ya chakula. Sare za shule pia. Siku ya pili nilimsikia jikoni akimpigia simu yule bibi harusi, akimwambia kwamba kuna fundi mwenzake hodari upande wa sokoni, mwenye karakana kubwa, na kwamba angempa namba. Bibi harusi nadhani alikataa, kwa sababu Mama alisema mara tatu, “Mwanangu, fikiria tu.” Baada ya simu aliivua tepu shingoni, akaizungusha kidoleni, akaiweka kwenye droo ya vijiko. Kabla ya siku ile sikuwahi kuiona tepu ile ndani ya droo.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mchana nilijilaza kitandani na nakala ya ramani, ili nijifunze kuifurahia rafu yangu bila kumfikiria yeye. Bwana Penseli alikuwa amechora hata samani. Kitanda changu kilikuwa pale, kimelala kama kinavyolala, na kati ya miguu yake na ukuta palikuwa na mwanya mdogo.

Niliutazama mwanya ule kwa muda mrefu. Nimesoma kitandani mwangu tangu nikiwa msichana mdogo, nimesinzia na mamia ya vitabu mkononi, na hata kimoja hakijawahi kuangukia kati ya kitanda na ukuta, kwa sababu hapana mahali pa kuangukia. Kitanda kina mita mbili kamili. Kwenye ramani chumba kilikuwa na mita mbili na kumi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ni mimi. Nimeandika vibaya, na mwandiko wote ule mzuri ulikuwa wa kuandikia makosa. Nilifungua daftari: mbili na kumi, wazi kabisa, kama Mama alivyotaja. Nikaenda kwenye droo ya vijiko nikachukua tepu na kupima. Mbili kamili. Nikapima ukumbi. Daftari lilisema moja na ishirini, tepu ikasema moja na kumi. Sebule, kumi pungufu. Chumba cha wazazi wangu, kumi pungufu. Vyumba hivyo na ukumbi vimepangana kwa upana wa nyumba, na kuta zake tano, pamoja na mbili za nje, kila moja ni nyembamba kwa sentimita tatu kuliko tulivyoiandika.

Mama alikuwa jikoni akichambua mboga. Nilimuuliza alipimaje nyumba. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza anapumuaje.

“Kama ninavyopima kila kitu. Tano huku, tano kule. Ukuta nikaupa kidogo tu, ukuta haunenepi.”

“Uliongeza, Mama?”

“Sasa ukimpima mtu usimwachie nafasi ya kupumua, nguo ataivaaje?”

Basi hicho ndicho kilichokuwa ndani ya ule utulivu wake. Miaka yote ile, kati ya kuangalia namba na kuitaja, Mama alikuwa akiongeza. Ndiyo maana watu wanavuka mji kuja kushonewa naye, ndiyo maana nguo zake hukubali mtu akinenepa kidogo, na mimi niliyeandika maelfu ya namba zake sikuwahi kuuliza. Alikuwa ameishonea nyumba yetu nguo ya kupumulia.

Nilimwambia kwamba kwa hiyo nyumba si pana kama tulivyoandika. Uso wake ulianguka. Aliufuta mkono kwenye kanga akasema, basi hata hicho kidogo hatuna. Ilibidi nivute kiti nikae, kwa sababu maneno yangu huwa yanakuja kwa foleni na siku hiyo yalitaka kutoka yote kwa pamoja. Nikamwambia afikirie kiwanja kama kitambaa.

Hakuningoja nimalize. Mkono wenye mboga ulibaki hewani.

“Kitambaa ni kile kile,” alisema polepole. “Nguo ikiwa ndogo, kinachobaki ni kikubwa.”

“Ndiyo.”

“Kikubwa kiasi gani?”

Vyumba vitatu na ukumbi, kumi kumi. Kuta tano, tatu tatu. Nilimwambia ni hamsini na tano. Alisimama bila kushika meza, jambo ambalo magoti yake hayakuwa yameruhusu tangu mwezi wa pili, akaniomba tepu yake, akaivaa.

Mama mdogo aliporudi kutoka saluni na kusikia habari, alikaa chini pale pale kizingitini akacheka mpaka machozi. Alimwambia Mama, “Dada, ukipewa nchi uipime, tutagombana na majirani wote.” Baba hakucheka. Yeye alikuwa ameshaelewa jambo jingine, kwamba hesabu za daftarini hazitamtosha Bwana Penseli kesho, na kwamba njia ya uhakika ilikuwa kupima ule ubavu wenyewe, ukuta hadi ukuta. Aliiangalia pikipiki kwa muda. Kisha akasema tutaanza alfajiri, akavua shati lake zuri.

Jumamosi asubuhi tulianza mapema. Mabati yalitoka, pipa likatoka, mlango usio na fremu ukatoka, na pamoja nao panya mmoja aliyemfanya mama mdogo apande juu ya ndoo. Pikipiki Baba aliikokota mwenyewe. Matairi yalikuwa yamekufa na haikuviringika, iliburuzwa, naye akaizungumzia njia nzima kwa sauti ya chini, sijui akiiambia nini, mpaka ilipofika chini ya kivuli mbele ya nyumba. Aliifuta kiti kwa kiganja. Mama alimpelekea maji ya kunywa, akasimama naye mpaka alipoyamaliza.

Bwana Penseli alifika na mkataba ndani ya bahasha na kutukuta wote wanne tumejaa vumbi, tumesimama ubavuni mwa nyumba, kwenye saruji iliyopasuka ambayo haijaona jua kwa miaka. Mimi ndiye niliyepaswa kueleza, kwa kuwa ndimi niliyegundua. Nilieleza nikiangalia viatu vyake. Nilisikia sauti yangu ikisema kuhusu kitanda, na mwanya, na vitabu visivyoanguka, na nilipofika kwenye nafasi ya kupumua, alitoa penseli moja sikioni akairudisha kwenye sikio lile lile.

Alitoa tepu yake ya chuma, akampa Mama ncha. Mama aliibana kwenye ukuta wa nyumba yetu kwa kidole gumba, na yeye akatembea nayo mpaka ukuta wa jirani, akainama.

“Mita nne,” alisema. Akaangalia tena. “Mita nne kamili.”

Akaivuta ile ndoo aliyokuwa ameipanda mama mdogo, akaikalia, akaandika juu ya bahasha ya mkataba. Alitoa ile moja na nusu ya halmashauri. Alitoa ukuta. Sote tulikuwa tumeinama juu ya bahasha ile kama watu wanaosoma barua moja. Mbili na thelathini na tano.

Ndipo alipoanza kucheka, mabega kwanza, halafu tumbo. Alisema kosa ni lake. Ameona mwandiko mzuri akaamini, jambo ambalo humkanya kila siku msaidizi wake. Alisema ramani yote itabidi ichorwe upya, kila chumba kipungue kumi, rafu yangu itapoteza safu moja na Baba atapoteza kidogo upande wa miguu bafuni. Hatasainisha mtu kitu leo. Baba aliuliza kuhusu mafundi na mvua, na Bwana Penseli akasema mafundi wake hawaendi popote, waanze na kushusha paa wakati yeye anachora.

Lakini alikuwa bado anaiangalia namba, na mimi pia. Meza mia na ishirini, na nafasi ya mtu kupita sitini kila upande. Hiyo ni mbili na arobaini. Tulipungukiwa sentimita tano. Alisema, kama mtu anayeomba radhi, kwamba halmashauri haimwachii mtu hata kidole, na ukuta hawezi kuufanya mwembamba zaidi ukasimama.

“Hizo tano ninazijua ziliko,” alisema mama mdogo. “Ziko kwenye nyonga zako, dada.”

“Hizo tano niachieni mimi,” alisema Mama.

Aliingiza mkono mfukoni akatoa chaki yake ya kushonea, ile bapa ya bluu. Hakuweza kuinama, kwa hiyo alinipa mimi, na mama mdogo akashika upande wa pili wa tepu ya njano. Kwanza tulichora chumba, pembe nne juu ya saruji. Bwana Penseli alisimama nje ya mstari, hakutaka kuukanyaga. Kisha Mama akasema tuchore meza.

Aliangalia tepu. Nilisubiri, chaki mkononi, kama nilivyosubiri tangu nikiwa na miaka tisa, ule utulivu wa midomo iliyobana.

Haukuja.

“Mia na kumi na tano,” alisema papo hapo. “Kata hapo.”

Nilichora mstari. Mama aliingia ndani ya chumba chake kupitia mahali ambapo mlango ungekuwa, akapita upande wa ukuta wa nyumba, taratibu, mkono mmoja ukielea juu ya meza ambayo haikuwepo. Akazunguka upande wa dirisha. Hakujibana, hakupita kwa ubavu. Alizunguka mara ya pili, kwa haraka kidogo, halafu akasimama upande wa mbali akaniambia nishike ncha ya kitambaa.

Nilinyoosha mikono nikaishika. Nyuma yangu Baba alikuwa akimuuliza Bwana Penseli kama kwenye ramani mpya pangeweza kupatikana mahali pa kuegesha pikipiki, padogo tu.